Hesabu ya Mablanketi

Mwezi wa sita, kabla wageni hawajaanza kupanda,
hunituma niende kibanda hadi kibanda
nikahesabu mablanketi.
Kazi yangu ndiyo hiyo. Wenzangu huongoza watu,
huwaonyesha mbega, na vinyonga wenye pembe;
mimi huongozwa na daftari la miraba
na kalamu niliyoifunga uzi shingoni.

Kutoka Lushoto kwenda Magamba njia hupanda bila kuomba radhi.
Ukungu umekaa kwenye mikulo
kama moshi wa jiko lisilo na mwenyewe.
Majani yaliyooza yanameza nyayo,
hata sijui kama natembea. Nasikia pumzi yangu tu,
na hondohondo huko juu akipasua hewa
kama mtu anayechana kaniki mpya.

Kibanda cha kwanza: kumi na mawili.
Yamekunjwa, yananuka sabuni ya mche.
Singano si mtu wa maneno.
Akanipa kiazi cha moto, akanipa ufunguo wa mbele,
akasema, "Mtoni vukia gogo la pili. La kwanza limeoza."
Watu wa njia hii
hivyo ndivyo wanavyokuaga.

Kibanda cha pili: tisa, na moja lina tundu la sigara.
Nililala hapo. Usiku kucha mvua
ilihesabu mabati, ikakosea, ikaanza upya.

Cha tatu kiko ukingoni mwa Shagayu,
mahali ambapo msitu unaishia ghafla
na nyika ya Mkomazi inalala chini, kavu, njano,
kama nchi ya watu wengine.
Daftari linasema manane.
Nikahesabu saba.
Nikayakunjua, nikayakung'uta, nikahesabu tena kwa sauti.
Saba.

Hoza alikuwa anachochea moto usiohitaji kuchochewa.
"Alishikwa na uchungu pale kwenye kangaga," akasema,
"anakwenda zahanati, peke yake na tochi.
Mtoto alikuja na mvua.
Ningemfunika nini, majani?"

Nikashika kalamu.
Safu ya mwisho imeandikwa Sababu.
Upana wake vidole viwili;
mtoto haenei.
Nikaandika: panya.

Usiku ule Hoza alinipa manne, akabaki na matatu.
Hatukuzungumza. Baridi ilitufikia sote wawili
kwa mlango ule ule, chini, penye ufa.

Mjini, Mweta aliisoma hesabu kwa kidole.
"Panya amekula blanketi zima?"
"Kule ni baridi," nikasema. "Hata panya wanatafuta joto."
Hakucheka. Mweta hacheki na vitu vyenye bei.
Juma lililofuata nikapandishwa tena,
mgongoni nimebeba mtego wa chuma wenye meno,
mzito kama dhambi ya mtu mwingine.

Singano aliutazama, akanitazama.
"Wa panya?"
"Wa panya."
Akanipa viazi viwili.

Kwenye gogo la pili niliteleza, mtego ukalia peke yake
ndani ya gunia, kwa!
na mbega wote wa bonde lile wakanyamaza.
Nilisimama katikati ya mto nikicheka,
maji yakiingia viatuni,
hakuna wa kumweleza.

Hoza aliutundika kwenye msumari, karibu na taa.
Sidhani kama amewahi kuutega.

Nilipokuwa nashuka kuelekea Sunga,
shambani kando ya msitu mwanamke alikuwa anapalilia viazi.
Mgongoni kwake, blanketi la kijivu
lenye mstari mwekundu,
na kisigino kimoja kidogo kikichungulia nje.
"Onga mshi," akanisalimu, bila kuacha jembe.
Nikaitika.

Manane, nikajisemea.
Kisha nikakaza kamba za viatu, maana njia ya kurudi ni ndefu
na kuna gogo ambalo halifai kukanyagwa.